Dereva anasema "sikumuona". Anaongopa, au usiku kweli hatuonekani?

#1 Kibamba Juu

Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili bila matusi.

Huku kwetu Morogoro Road, kuanzia Kimara hadi Kibaha, barabara imepanuliwa kilomita 19.2. Mtu akigongwa usiku, dereva akishuka neno lake la kwanza ni lilelile: "Sikumuona." Watu wanamzunguka, wanataka kumshushia kipigo. Wanasema anaongopa, macho anayo na taa anazo.

Mimi naendesha, na gari likiwa gereji natembea kama wengine. Dai langu ni kwamba mara nyingi dereva anasema kweli, na hapo ndipo panapotisha. Ukisimama pembeni gizani unaziona taa za gari tangu liko mbali. Moyo unakuambia, kama mimi nimeliona, nalo limeniona. Sivyo. Mwanga umekufikia wewe, lakini ili dereva akuone lazima sehemu ya mwanga huo igonge nguo yako na kurudi machoni pake. Suruali nyeusi ya jinsi, baibui, sweta la bluu iliyokolea, zinaumeza karibu wote. Kwa taa za chini, aliyevaa nguo nyeusi anaanza kuonekana akiwa kama mita 25 hadi 30. Gari la spidi 80 linataka karibu mita 70 kusimama, hapo dereva yuko macho na breki ni nzima. Akikuona, ameshachelewa.

Sasa tatizo ni nguo zetu, ni taa, ni mwendo au ni barabara yenyewe? Karibuni.

#2 Konda Mstaafu

Mkuu umegusa penyewe. Nimekaa mlangoni mwa daladala, baadaye nikakaa kwenye usukani, njia ya Gongo la Mboto. Usiku mtu hatokei mzima. Kwanza unaona kitu cheupe chini kinapanda kinashuka, hiyo ni soli ya raba. Halafu miguu. Kiwiliwili kinakuja mwisho, na uso huuoni kabisa. Mwenye kandambili nyeusi na suruali ya jinsi unamwona ameshafika usawa wa bampa.

Na wengi wao wanakuja wakikimbia, maana wameona gari "liko mbali".

#3 Mama wa Feri

Mimi sikubali hata kidogo. Natoka Mbagala saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri, navuka Kilwa Road na ndoo mkononi. Barabara nyeupe, haina foleni, na saa hiyo ndiyo wanayofungulia moto. Anayepita na 100 katikati ya makazi ya watu, leo mnaniambia kosa ni gauni langu? Kila kitu kikitushinda tunamrudia anayetembea kwa miguu, kwa sababu yeye ndiye hana namba ya gari.

#4 Tabata Dampo

Gari la 50 linasimama ndani ya mita 15 tu. Tulifundishwa chuo cha udereva. Kwa hiyo hesabu za Kibamba Juu ni za kutisha watu.

#5 Pima Mita

Tabata Dampo, hizo mita 14 au 15 ni za breki peke yake, kwenye lami kavu. Kabla mguu haujafika kwenye breki kuna sekunde moja hadi moja na nusu ya kuona, kuelewa na kutoa mguu kwenye mafuta. Spidi 50 ni karibu mita 14 kila sekunde. Jumlisha: mita 28 hadi 35. Mvua ikinyesha, ongeza.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana watu wanaongelea macho ya dereva tu. Chukua barabara yenye njia nne upande mmoja, kila njia mita tatu na nusu. Hizo ni mita 14. Mtu mzima anatembea karibu mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka upande huo mmoja ni sekunde kama 12. Ndani ya sekunde 12 gari la 50 linatembea mita 167. La 80 linatembea mita 267. Yaani anayevuka anatakiwa ajue kama zile taa mbili ziko mita 150 au 250, na zinakuja kwa mwendo gani, gizani. Hakuna binadamu anayeweza. Taa mbili usiku hazikuambii mwendo.

Tena kuna gari chongo, lenye taa moja. Unadhani ni pikipiki iko pembeni, unavuka, kumbe ni fuso limejaza njia nzima.

#6 Mama wa Feri

Asante Pima Mita. Kwa hiyo kwa 50 kuna uwezekano wa kunikosa, kwa 80 hakuna. Si mmeshajibu swali wenyewe?

#7 Kibamba Juu

Mama, hata kwa 50 uko mpakani. Mita 28 za kusimama kwa mita 25 za kuonekana ni kugongwa. Ila ukiwa na kitu kinachorudisha mwanga, dereva anakuona zaidi ya mita 100. Hapo hata mpuuzi wa 80 ana nafasi ya kukukwepa. Sisemi kosa ni lako. Nasema wewe ndiye utakayelala wodini.

#8 Fundi Taa Gerezani

Wadau mnasahau taa zenyewe. Magari mengi yanayokuja kwangu vioo vya taa vimekuwa vya njano, vina ukungu. Ile ni plastiki, jua limeila. Mwenye gari anasema "taa zinawaka", ndiyo zinawaka, lakini nusu ya mwanga unabaki mle ndani. Anachofanya ni kununua zile balbu nyeupe kali za LED na kuzichomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida. Mwanga unatawanyika hovyo, juu kwenye miti na machoni pa anayekuja. Yeye anajiona anaona vizuri, mbele yake ametuacha vipofu.

La pili ambalo wengi hawalijui. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa za chini zimetengenezwa zipige mbali upande wa kushoto na zikatwe upande wa kulia, ili zisimpofue anayekuja. Anayetokea pembeni kushoto unamwona mapema. Anayetokea kulia kwako, kwenye tuta la katikati, unamwona dakika ya mwisho. Na huko ndiko anakosimama mtu aliyevuka nusu ya kwanza akisubiri nusu ya pili.

#9 Tabata Dampo

Basi magari ya Japan yote taa zake haziko sawa kwetu?

#10 Fundi Taa Gerezani

Hapana, Japan nao wanaendesha kushoto, zake ziko sawa. Angalia yale yaliyotoka nchi zinazoendesha kulia. Hayo yakiletwa bila kubadilishwa taa, mwanga mrefu unaelekea kwa anayekuja.

#11 Boda wa Goba

Adui namba moja ni full, zile taa za juu. Unapanda kilima, mwenzako anashuka na full, humkumbushi kwa kuwasha yako maana yeye ana taa tatu juu ya bampa. Kwa sekunde kadhaa huoni kitu, unaendesha kwa kumbukumbu. Mtu akiwa katikati yenu wawili, kati ya taa zako na zake, anapotea kabisa. Nimeshamkosa mzee mmoja hivyo, mkokoteni wake ndio ulioniokoa kwa sababu ulipiga kelele.

#12 Konda Mstaafu

Boda wa Goba, na wewe taa yako ya nyuma inawaka?

#13 Boda wa Goba

Inawaka kaka. Na riflekta navaa. Njoo stendi uangalie.

#14 Konda Mstaafu

Riflekta yenyewe ile mliyovaa tangu uchaguzi, imeshakuwa rangi ya udongo. Ukiipiga taa inakaa kimya.

#15 Mwalimu wa Zamu

Hapo kwenye riflekta kuchakaa Konda kasema kweli. Lakini niwarudishe kwa watoto.

Juni na Julai hapa Dar jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu apande magari mawili anatembea gizani. Watu wananiambia "ana shati jeupe, anaonekana". Tulijaribu nyumbani, mtaani kwetu hakuna magari mengi usiku. Mume wangu alikaa kwenye gari na taa za chini, mwanangu akatembea kwenda mbele akiwa na sare zake. Akitutazama, shati lilionekana vizuri. Akageuka kuendelea na safari: begi jeusi limefunika mgongo wote, chini sketi ya bluu, soksi zimeshuka, viatu vyeusi. Shati lote jeupe limebaki mikono miwili pembeni ya begi. Akavaa sweta, hata mikono ikapotea. Alikuwa bado yuko karibu kiasi cha kumsikia anacheka.

Tukamfunga kipande cha utepe wa riflekta kwenye kifundo cha mguu, upana wa vidole viwili. Akaenda hadi mwisho wa mtaa kwenye duka la mpesa, na ule mguu tuliuona muda wote.

Tangu siku hiyo begi lake nimelishonea utepe nyuma na kwenye mikanda.

#16 Kijana wa Sinza

Suluhisho jepesi: wanafunzi wote wavae vile vizibao vya njano inayowaka. Mwisho wa mjadala.

#17 Pima Mita

Mjadala hauishi hapo. Ile njano inayowaka inafanya kazi mchana na jioni, kwa sababu kitambaa kinakula miale ya jua ambayo macho hayaioni na kuitoa kama rangi kali. Usiku miale hiyo haipo, njano inabaki kitambaa cha kawaida cha rangi nyepesi. Kinachofanya kazi usiku ni ile mistari ya kijivu, yenye vishanga vidogo sana vya kioo vinavyorudisha mwanga ulikotoka. Kuna vizibao mitaani vimechorwa mistari ya rangi ya fedha tu, haina vishanga. Washa tochi ya simu, iweke karibu na jicho lako, mulika. Mstari wa kweli unang'aa, wa bandia unakaa kijivu.

#18 Mlimani Hall

Niongezee kwa Mwalimu, maana jaribio lake lina sababu ya kisayansi. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, aliwafunga watu alama za kung'aa kwenye viungo, mabega, viwiko, magoti, vifundo, akawapiga picha za video gizani. Wakisimama, watazamaji waliona nukta tu. Wakianza kutembea, papo hapo wakasema: ni mtu. Ubongo unautambua mwendo wa binadamu haraka sana.

Ndiyo maana kiakisi, yaani riflekta, kwenye kifundo cha mguu kinashinda kile cha kifuani. Cha kifuani dereva anaweza kudhani ni kibao au nguzo. Cha mguuni kinapanda na kushuka, na ndicho alichokisema Konda Mstaafu kuhusu soli za raba bila kusoma kitabu chochote.

#19 Konda Mstaafu

Shukrani professa. Barabara nayo ni chuo.

#20 Jangwani Damu

Na rangi ya nguo je? Nimesikia nyekundu ndiyo inaonekana mbali kuliko zote.

#21 Mlimani Hall

Mchana inaonekana vizuri, ingawa si kuliko zote. Kwenye giza ni kinyume. Mwanga ukipungua jicho linapoteza nyekundu kwanza, inaonekana nyeusi. Njano, kijani kibichi na nyeupe zinadumu zaidi.

#22 Jangwani Damu

Wana Msimbazi mmesikia? Jezi yenu usiku ni ya maombolezo. Njano na kijani tunavuka salama 😂

#23 Kijana wa Sinza

Simba tuna jezi nyeupe pia, tulia. Na gari likija halichagui timu.

#24 Muuguzi wa Usiku

Naomba turudi kwenye mada. Niko idara ya majeruhi, sitaji wapi. Ni kweli nguo ninazokata kwa mkasi usiku ni nyeusi, bluu, kahawia. Lakini tuwe waangalifu: hizo ndizo nguo ambazo wengi tunavaa. Ukiwaangalia waliofika nyumbani salama usiku huohuo, nao walivaa nyeusi. Kwa hiyo nguo peke yake haithibitishi kitu.

Ninachokiona tofauti ni majeraha. Aliyegongwa na gari la mwendo mdogo anavunjika mguu, anaumia nyonga, tunaongea naye. Aliyegongwa kwa kasi anakuja na kichwa na kifua, na hapo hatuna la kuongea. Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka 50 kwenda 65, hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na mbele ya gari inapanda mara 4.5. Kilomita 15 tu za ziada! Ripoti yao ya 2023 ilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kwa mwaka, na asilimia 23 ni waenda kwa miguu. Mama wa Feri ana hoja, msimpite.

#25 Mama wa Feri

Mungu akubariki muuguzi.

#26 Kibamba Juu

Sijampita. Lakini mwendo wa dereva siwezi kuushika mkononi nikiwa navuka. Utepe naweza kuununua leo.

#27 Zamani Trafiki

Nimesoma yote. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kwenye maeneo ya makazi mwisho ni 50. Hilo kila mwenye leseni analijua, na kila mwenye leseni anapunguza akiona tochi ya trafiki ya kupima mwendo na kuongeza akishaipita. Wanapigiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Taa hizohizo wangezitumia kumwonya mwenzao kwamba kuna mtoto anavuka.

Jambo moja sijaona mtu akilisema. Tembea upande wa kulia, uso uangalie magari yanayokujia. Nawaona watu Bagamoyo Road wanatembea kushoto, magari yanawajia mgongoni, simu sikioni. Ukiwa unatazamana nayo unaona linaloyumba, unaruka mtaroni.

#28 Tabata Dampo

Lakini mzee, Fundi Taa kasema taa zinapiga mbali kushoto. Si bora nitembee kushoto nionekane?

#29 Zamani Trafiki

Swali zuri kijana. Ukitembea kulia, uko pembeni kabisa, na gari lililo upande wako ndilo linalokutazama, wewe uko kushoto kwake. Taa zake ndefu zinakupiga wewe. Chora kwenye karatasi utaona.

#30 Dada wa Mwenge

Mnaongea usiku tu. Mimi niligongwa saa tano asubuhi, jua limewaka, nikiwa kwenye zebra, nimevaa blauzi ya njano. Niambieni hapo nilikosa nini cha kuonekana.

Barabara ina njia mbili upande ule. Daladala ya njia ya kushoto ikasimama, dereva mstaarabu, akanipungia mkono nipite. Nikamshukuru, nikaanza kuvuka mbele yake. Gari dogo lililokuwa nyuma yake likaona daladala imesimama, likadhani inashusha abiria, likahama njia ya kulia kuipita. Mimi nimefichwa na daladala, yeye kafichwa na daladala. Tulikutana usawa wa kioo cha pembeni cha daladala. Namshukuru Mungu ni goti tu, ingawa hadi leo ngazi zinanitesa.

Tangu hapo nikivuka zebra, gari la kwanza likisimama mimi nafika kwenye kona yake ya mwisho, nasimama, nachungulia njia ya pili, ndipo naendelea. Wa nyuma wananipigia honi. Wapige.

#31 Konda Mstaafu

Pole sana dada. Hii ndiyo inayoua kwenye zebra zetu, na madereva wazuri wanashiriki bila kujua. Ukisimama, simama mbali kidogo na mstari, usiubane. Ukisimama mita kadhaa nyuma, wa njia ya pili anapata upenyo wa kumwona anayevuka. Na usimpungie mtu mkono apite. Wewe unajua ya njia yako tu.

#32 Pima Mita

Nakazia. Tena kuna maua ya kwenye tuta la katikati. Yakiachwa yakue hadi usawa wa kifua yanamficha mtoto kabisa. Anatokea kwenye majani moja kwa moja barabarani. Maua ni mazuri, lakini karibu na zebra yakatwe yasizidi goti.

#33 Kijana wa Sinza

Kuna madaraja ya juu yamejengwa kwa mabilioni. Watu hawapandi, wanapita chini. Hao nao tuwahurumie?

#34 Mama wa Feri

Panda wewe na ndoo ya samaki kichwani, saa kumi alfajiri, kule juu kuna giza na vijana wawili wamekaa kwenye ngazi. Halafu uje uniambie.

#35 Mwalimu wa Zamu

Na mwenye kiti cha magurudumu, na mjamzito, na mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Daraja likiwa mbali na kituo, mtu atapita njia fupi, ndivyo binadamu alivyo. Kivuko kijengwe pale watu wanapovuka tayari.

Mfano tunao hapahapa Dar. Shirika la Amend lina mradi unaoitwa SARSAI, unaangalia shule ambazo watoto wake wanagongwa sana. Wanaweka njia za kutembea, matuta, zebra, vibao, mahali pengine wanahamisha geti la shule likae upande salama. Vitu vidogo hivyo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ukiwa umeshindana na miradi ya miji mingine duniani. Hawakumwambia mtoto abadilishe rangi ya sweta.

#36 Kibamba Juu

Mwalimu, Amend haohao waliwahi kuwagawia wanafunzi mabegi yenye viakisi. Kwa hiyo wao hawakuchagua kimoja.

#37 Ukhty wa Ilala

Assalaam alaykum. Naona baibui limetajwa mara kadhaa, niseme kidogo kama mvaaji. Tunakwenda alfajiri, tunakwenda tarawehe mwezi mtukufu, usiku tunarudi makundi. Wanaume na kanzu nyeupe wanaonekana, sisi nyuma hatuonekani. Mimi nimeshona utepe mwembamba kwenye upindo wa chini na kwenye pindo za mikono, kwa ndani ya mkunjo, nusu inachungulia. Mchana unauona ni mstari wa kijivu wa kawaida, stara yangu iko palepale. Fundi cherehani wangu alishangaa kidogo, sasa anawashonea na wengine. Mabinti wa madrasa wameupenda kuliko sisi wakubwa.

#38 Muuguzi wa Usiku

Dada umenifurahisha. Upindo wa chini unatembea na mguu, kwa hiyo hata ile habari ya Mlimani Hall umeipata.

#39 Mbeba Theluji

Niko Finland mwaka wa kadhaa. Huku sheria inamtaka mtembea kwa miguu avae kiakisi gizani. Kinaning'inia kwenye koti kwa kamba, kidogo kama funguo, watoto wanavichagua vya maumbo ya wanyama. Hakuna anayeona aibu. Bongo kwa nini tusiige?

#40 Mama wa Feri

Huko kwenu magari yanakwenda mwendo gani mbele ya shule, mwanangu?

#41 Mbeba Theluji

30 sehemu nyingi mama. Na wanafuata.

#42 Mama wa Feri

Haya. Anza kuiga hapo.

#43 Boda wa Goba

Mama leo hana mpinzani 😂

Mimi naongeza jua. Jioni ukitoka mjini kwenda Kimara, jua linazama usoni kwako. Asubuhi ukiingia mjini linachomoza usoni tena. Wakaaji wa Morogoro Road tunapigwa mara mbili. Kioo cha mbele kikiwa na vumbi na mikwaruzo ya waipa, kinageuka pazia jeupe. Mtu amevaa nyeupe kwenye mwanga ule haonekani. Hapo nguo nyeusi ndiyo inayoonekana!

#44 Mlimani Hall

Kweli kabisa. Na sisi huku karibu na ikweta machweo hayakai. Dakika ishirini na kitu kutoka jua kuzama hadi giza. Dereva hajawasha taa kwa sababu anaona bado mchana, na aliyeko barabarani anaona bado mchana. Juni saa kumi na mbili na robo jua linazama, saa hiyohiyo ofisi na viwanda vimefunguka, Mandela Road nzima iko kwa miguu. Washa taa mapema, hata kama wewe unaona.

#45 Tabata Dampo

Na walevi? Hakuna aliyewataja. Wanaotoka baa saa sita usiku wakikatisha lami kimshazari.

#46 Zamani Trafiki

Wapo, kwa miguu na kwenye usukani. Wa kwenye usukani ana tani moja na nusu mkononi, ndiye ninayeanza naye.

#47 Ukhty wa Ilala

Anayeuliza utepe unapatikana wapi, mmenijaza meseji: Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji na ya vifaa vya usalama kazini. Unauzwa kwa mita. Kuna wa kushona na wa gundi. Wa gundi kwenye nguo haudumu, ukifua mara chache unabanduka. Na usiupige pasi ya moto juu kwa juu, na ufue kwa mkono. Mulikeni na tochi kabla ya kulipa kama alivyoelekeza Pima Mita.

#48 Konda Mstaafu

Kwa wa nguo za giza za kazini, hata mkanda wa mguuni wa kufunga na kufungua unatosha. Unatoa ukifika ofisini, unaweka mfukoni.

#49 Mzazi Mbezi

Nimechelewa kuingia ila nimesoma kuanzia juu. Swali langu ni la vitendo. Mbele ya shule ya mtaani kwetu hakuna tuta wala zebra, na madereva wanaotafuta njia ya mkato wanapita kwa kasi. Tunaombea wapi? Serikali ya mtaa au moja kwa moja kwa wenye barabara?

#50 Pima Mita

Inategemea barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya na za mitaani ziko chini ya TARURA tangu 2017. Anzeni na serikali ya mtaa, barua iwe na muhuri wake na wa shule, nakala kwa diwani. Msijenge tuta wenyewe kwa udongo na matofali. Usiku tuta lisilo na kibao wala rangi linamwangusha bodaboda, na akianguka anaweza kuangukia watoto haohao.

Ambatanisheni picha za saa moja asubuhi, watoto wakivuka. Hiyo njia yenu ina lami au ni ya vumbi?

#51 Mzazi Mbezi

Ina lami, iliwekwa juzijuzi, ndiyo maana wanakimbia. Ilipokuwa ya mashimo walikuwa wanapita taratibu.

#52 Boda wa Goba

Nadhani naijua hiyo njia. Ni ile inayopita nyuma ya soko na kutokea kanisani?

#53 Mzazi Mbezi

Hiyohiyo. Kwenye kona ya pili kuna ukuta mrefu unaoficha geti la shule. Andikeni na ninyi bodaboda barua yenu, stendi yenu iko palepale, mnaona kila siku.

#54 Boda wa Goba

Nawasilisha kwa mwenyekiti wa stendi kesho. Ila huo ukuta una mwenyewe, na ni mkali. Nani ataongea naye?